Ukiwa kwenye nusu kaputi, nani anajua kama kweli umelala?

Watu wengi wanaosubiri upasuaji wana hofu mbili. Ya kwanza ni kutoamka kabisa. Ya pili ni kuamka kabla ya wakati, kisu kikiwa bado kinafanya kazi.

Hofu ya kwanza inazungumzwa sana. Ya pili watu huisema kwa sauti ya chini, au wanaigeuza utani. Lakini ina msingi. Hutokea, ingawa ni nadra, na kwa miaka mingi wataalamu wa dawa za usingizi wamekuwa wakitafuta njia ya kuizuia.

Njia mojawapo ni kukiangalia moja kwa moja kiungo ambacho dawa hizo zinakilenga, yaani ubongo. Stika yenye elektrodi inabandikwa kwenye paji la uso, waya unaunganishwa na monita, na umeme wa ubongo unaonekana kwenye skrini wakati madaktari wanaendelea na kazi yao.

Teknolojia hii inafanyaje kazi? Inasaidia kiasi gani? Na wewe unayejiandaa kwa oparesheni unapaswa kujua nini? Tunakuchambulia.

Nusu kaputi sio usingizi wa kawaida

Tumezoea kusema mgonjwa "amelazwa", "amelala", kisha "ameamka". Hapo lugha inatudanganya kidogo. Mtu aliyelala kitandani ukimfinya anashtuka. Mtu aliye kwenye nusu kaputi anapasuliwa tumbo na hana habari.

Kwa kawaida mtaalamu wa usingizi anatafuta mambo manne kwa pamoja: mgonjwa asiwe na fahamu, asikumbuke kilichotokea, asisikie maumivu na asijongee. Wakati huohuo moyo na mapafu viendelee kufanya kazi salama.

Siku hizi kila jambo linaweza kuwa na dawa yake:

- Propofoli inayochomwa kwenye mshipa, au gesi kama sevoflureni, isoflureni na halotheni, huondoa fahamu.
- Dawa kama fentanili na mofini hupambana na maumivu.
- Dawa za kulegeza misuli humfanya mgonjwa asijongee, na hurahisisha kumwekea mrija wa kupumulia.

Angalia hiyo dawa ya mwisho. Inazima misuli, haizimi fahamu. Mtu akipewa hiyo peke yake atakuwa macho, anasikia kila kitu, lakini hawezi hata kukonyeza. Ndiyo maana lazima iende pamoja na dawa ya kuondoa fahamu, na ndiyo maana kipimo cha dawa hiyo ya pili kinahitaji umakini mkubwa.

Kwa nini presha na mapigo ya moyo havitoshi

Tarehe 16 Oktoba 1846, daktari wa meno William Morton alionyesha hadharani matumizi ya mvuke wa etha wakati wa upasuaji katika hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, Marekani. Siku hiyo inahesabiwa kuwa mwanzo wa zama mpya za upasuaji.

Kwa karibu miaka 100 iliyofuata, kina cha usingizi kilipimwa kwa macho tu. Mgonjwa anapumuaje? Mboni za macho zimepanuka? Misuli imelegea? Akiguswa anajikunja? Dozi ikiwa ndogo mgonjwa mwenyewe "anasema" kwa kujongea, na daktari anaongeza dawa.

Mambo yakabadilika Januari 1942. Huko Montreal, Canada, Harold Griffith na Enid Johnson walitumia kurare, dawa iliyotokana na sumu ya mishale ya Amerika Kusini, kulegeza misuli ya mgonjwa wakati wa upasuaji.

Kwa madaktari wa upasuaji yalikuwa mapinduzi. Tumbo likawa laini, na haikulazimu tena kumjaza mgonjwa dawa nyingi za usingizi ili tu misuli ilegee. Lakini ishara moja muhimu ikapotea. Mgonjwa ambaye fahamu zimemrudia hakuweza tena kujongea, kufumbua macho wala kulia.

Zikabaki presha, mapigo ya moyo, jasho na machozi. Tatizo ni kwamba ishara hizi zinaweza kumpotosha daktari. Mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo anaweza kuwa na fahamu na moyo ukaonekana umetulia. Mwingine aliyepoteza damu nyingi anaweza kuwa na mapigo ya kasi ingawa hana fahamu kabisa.

Ni nadra kiasi gani?

Jibu linategemea unavyouliza.

Mwaka 2014, uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Ireland unaojulikana kama NAP5 ulikusanya taarifa za wagonjwa waliojitokeza wenyewe kusema kwamba walikuwa na fahamu wakati wa upasuaji. Ulikadiria mgonjwa 1 kati ya takriban 19,000 waliopewa usingizi kamili.

Ukitazama ndani ya hesabu hiyo, tofauti ni kubwa:

- Dawa ya kulegeza misuli ilipotumika, ilikuwa 1 kati ya 8,000 hivi.
- Isipotumika, ilikuwa 1 kati ya 136,000 hivi.
- Kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji wakiwa kwenye usingizi kamili, ilikuwa 1 kati ya 670 hivi.

Lakini tafiti ambazo zilimfuata kila mgonjwa na kumuuliza maswali maalumu baada ya upasuaji zilipata kiwango cha juu zaidi, mtu 1 au 2 kati ya 1,000. Kumbe wapo wengi ambao hawasemi mpaka waulizwe.

NAP5 ilionyesha pia kwamba karibu theluthi mbili ya matukio hayakutokea katikati ya upasuaji. Yalitokea wakati mgonjwa anaanza kulazwa au anapoamshwa. Na kilichowatesa wengi hakikuwa maumivu peke yake. Ilikuwa ile hali ya kutaka kupiga kelele na mwili ukakataa. Baadhi yao hubaki na jinamizi, hofu ya hospitali na msongo wa mawazo kwa muda mrefu.

Ubongo una lugha yake

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme. Umeme huo ni mdogo mno, unapimwa kwa sehemu za milioni za volti, lakini unaweza kunaswa juu ya ngozi ya kichwa.

Wa kwanza kuunasa kwa binadamu ni Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili mjini Jena, Ujerumani. Alifanya hivyo mwaka 1924 na kuchapisha matokeo mwaka 1929. Kipimo hicho ndicho leo tunakiita EEG, kilekile kinachotumika kuchunguza kifafa. Kufikia mwaka 1937, watafiti wa Marekani walishaandika kwamba dawa za usingizi hubadilisha mawimbi hayo.

Kwa lugha rahisi, hivi ndivyo yanavyosomeka kwa mtu mzima aliyepewa propofoli au gesi kama sevoflureni:

- Akiwa macho: mawimbi ni madogo na ya haraka, kama watu wengi sokoni kila mmoja akiongea lake.
- Akiwa amezama vizuri: mawimbi yanakuwa makubwa na ya polepole, na sehemu ya mbele ya kichwa inaonyesha mdundo wa mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Sehemu za ubongo zimeshikwa kwenye mdundo mmoja na haziwezi kupashana habari kama kawaida.
- Akizidishiwa: skrini inaonyesha mstari ulionyooka kwa sekunde kadhaa, mawimbi yanalipuka kidogo, kisha mstari unarudi. Hapo ubongo unazima na kuwaka. Ni kina ambacho oparesheni nyingi hazikihitaji.

Mtaalamu aliyefundishwa kusoma picha hiyo anaona mgonjwa anaelekea wapi, na anaweza kuongeza au kupunguza dawa mapema.

Namba moja kati ya 0 na 100

Kusoma mawimbi kunahitaji mafunzo, na ndani ya thieta mtu wa usingizi ana mambo kumi ya kuangalia kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kampuni zikatengeneza mashine zinazosoma mawimbi kwa kompyuta na kutoa namba moja.

Inayojulikana zaidi ni BIS. Ilitengenezwa na kampuni ya Marekani, Aspect Medical Systems, na ikaruhusiwa kutumika nchini humo mwaka 1996. Namba karibu na 100 inamaanisha mtu yuko macho. Sifuri inamaanisha hakuna umeme wa ubongo unaoonekana. Kwa oparesheni ya usingizi kamili, lengo la kawaida ni kati ya 40 na 60.

Inavutia, sio? Namba ikipanda unaongeza dawa, ikishuka unapunguza. Lakini mambo hayakuwa mepesi hivyo.

Je, inasaidia kweli?

Hapa ndipo wanasayansi walipovutana.

Mwaka 2004, utafiti wa B-Aware uliwahusisha wagonjwa 2,463 waliokuwa kwenye hatari kubwa ya kupata fahamu wakati wa upasuaji. Walioangaliwa kwa BIS, 2 walikuwa na fahamu. Waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida, 11. Ni punguzo la zaidi ya asilimia 80.

Kisha ikaja changamoto. Watafiti wengine wakauliza: vipi tukilinganisha BIS na kitu kingine rahisi, yaani kengele inayolia pale gesi ya usingizi kwenye pumzi anayotoa mgonjwa inapopungua?

Mwaka 2008, katika utafiti wa B-Unaware uliokuwa na wagonjwa karibu 2,000, kila kundi lilipata wagonjwa 2. Hakukuwa na tofauti. Mwaka 2011 ukafuata BAG-RECALL, wenye wagonjwa zaidi ya 5,700 waliofuatiliwa hadi mwisho. Kundi la BIS lilikuwa na wagonjwa 7 waliopata fahamu, kundi la kengele ya gesi 2.

Maana yake nini? Kama mgonjwa anapewa gesi, na mashine inapima gesi hiyo kwenye pumzi na kupiga kengele ikipungua, BIS haikuthibitika kuwa bora kuliko hapo.

Lakini kuna wagonjwa wanaolazwa kwa propofoli ya mshipa mwanzo mpaka mwisho. Kwao hakuna gesi ya kupima. Sindano ikichomoka kwenye mshipa bila kuonekana, dawa inamwagika chini ya shuka na hakuna kengele inayolia. Kwa hali hiyo, chama cha wataalamu wa usingizi cha Uingereza na Ireland kinashauri kipimo cha ubongo kitumike pale propofoli inapokwenda pamoja na dawa ya kulegeza misuli.

Dawa ikizidi nayo ni shida

Mpaka sasa tumezungumzia usingizi mwepesi. Upande wa pili ni dawa kuzidi, na hili linawahusu zaidi wazee.

Kadiri umri unavyosonga, mahitaji ya gesi ya usingizi hupungua, takriban asilimia 6 kwa kila miaka 10 baada ya umri wa miaka 40. Babu wa miaka 80 akipewa dozi ya kijana wa miaka 30, ubongo wake unaweza kuingia kwenye ile hali ya kuzima na kuwaka.

Huenda umewahi kuliona hili kwenye familia: mzee anatoka thieta salama, kesho yake hajui yuko wapi, anawaita watu kwa majina ya marehemu, anang'oa dripu. Ndugu wanadhani amerogwa au amepata kichaa. Kitaalamu ni kuchanganyikiwa baada ya upasuaji. Kwa wengi huisha ndani ya siku chache, lakini wanaopata hali hii hukaa hospitali muda mrefu zaidi na hupona kwa shida.

Je, kuangalia ubongo na kupunguza dawa kunazuia hali hiyo? Utafiti wa CODA wa Hong Kong mwaka 2013, wenye wagonjwa 921, ulitoa matumaini: asilimia 15.6 ya walioongozwa na BIS walichanganyikiwa, dhidi ya asilimia 24.1 ya wengine.

Lakini mwaka 2019, utafiti wa ENGAGES wa Marekani kwa wagonjwa 1,232 wenye umri wa miaka 60 na zaidi haukupata faida hiyo: asilimia 26 kwa walioongozwa na EEG, 23 kwa wengine. Mwaka 2024, utafiti kama huo nchini Canada kwa wagonjwa wa upasuaji wa moyo ulipata asilimia 18 kwa kila upande.

Kwa watoto kuna habari mpya. Utafiti wa Japan uliochapishwa mwaka 2025 ulifuatilia watoto 177 wa umri wa mwaka 1 hadi 6. Wale ambao kiwango chao cha sevoflureni kiliongozwa na EEG walipata gesi kidogo zaidi. Waliozinduka wakiwa na fadhaa, wakilia na kurusharusha mikono, walikuwa asilimia 21, dhidi ya 35 ya kundi lililopewa kiwango cha kawaida.

Ukiyapanga yote pamoja, picha ni hii: kipimo cha ubongo kinasaidia kupunguza dawa isiyo ya lazima, lakini hakuna anayeweza kuahidi kwamba kitamkinga kila mzee na kuchanganyikiwa.

Mashine nayo inadanganyika

Kuna mambo ambayo kila anayetumia namba hizi lazima ayajue:

- Ketamini. Dawa hii humtoa mgonjwa fahamu huku mawimbi ya ubongo yakiwa ya haraka. Namba inaweza kubaki juu wakati mgonjwa yuko mbali kabisa.
- Misuli ya uso. Mwaka 2015, watafiti wa Australia waliwapa watu 10 wa kujitolea dawa ya kulegeza misuli bila dawa ya usingizi. Walikuwa macho kabisa, lakini BIS iliteremka mpaka eneo la usingizi wa oparesheni. Kumbe mashine ilikuwa inategemea pia umeme wa misuli.
- Kuchelewa. Kompyuta huchukua muda kuchakata mawimbi, hivyo namba unayoiona ni ya sekunde kadhaa zilizopita.
- Vifaa vingine. Kisu cha umeme kinachotumika kuzuia damu huvuruga kipimo.

Kuna jambo la tano gumu zaidi: fahamu na kumbukumbu sio kitu kimoja. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wagonjwa 260 walifungwa mkono mmoja ili dawa ya kulegeza misuli isiufikie, kisha wakaombwa wabane mkono wa mtafiti. Karibu asilimia 5 waliitikia. Baadaye walipoulizwa, hakuna aliyekumbuka. Hapo mtu anaweza kubishana usiku kucha kama walikuwa "wamelala" au la.

Hali ikoje Afrika Mashariki?

Kwa hospitali nyingi za ukanda wetu, kipimo cha ubongo sio kifaa cha kila siku. Monita yenyewe ni gharama, na stika zake hutengenezwa kutumika mara moja na kutupwa.

Tatizo kubwa zaidi ni watu. Shirikisho la dunia la vyama vya wataalamu wa usingizi, WFSA, limependekeza angalau madaktari 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000. Nchi za Afrika Mashariki ziko mbali chini ya hapo, na nje ya miji mikubwa kazi hiyo mara nyingi inafanywa na wauguzi na maofisa tabibu waliosomea usingizi. Wengi wao hutegemea ketamini na halotheni. Na kama tulivyoona, ketamini ndiyo inayoichanganya mashine hii.

Kwa hiyo hospitali yenye bajeti finyu ianze na nini? Vifaa vya msingi vina nafasi ya kwanza. Oksimita, kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu, huokoa maisha kila siku, na tangu mwaka 2011 shirika la Lifebox limekuwa likisambaza vifaa hivyo kwenye nchi zenye uhitaji. Kipimo cha hewa chafu kwenye pumzi na kengele ya gesi ya usingizi vinafuata. Kipimo cha ubongo kina thamani, hasa pale propofoli ya mshipa inapotumika, lakini hakichukui nafasi ya hivyo vingine.

Jambo jingine: akina mama wengi wanaojifungua kwa upasuaji siku hizi hupewa sindano ya mgongo. Hapo kuwa macho ni kawaida. Utasikia watu wakiongea, utahisi kuvutwavutwa, utasikia mtoto akilia. Lakini hutakiwi kusikia maumivu makali. Ukiyasikia, sema hapohapo, usivumilie.

Kabla hujaingia thieta

Una haki ya kuonana na mtu atakayekupa usingizi. Mwambie haya bila kuficha:

- Kama uliwahi kuwa na fahamu wakati wa upasuaji, au ndugu yako wa damu aliwahi kupata shida na dawa za usingizi.
- Dawa zote unazotumia, zikiwemo za presha, za usingizi na za asili.
- Pombe, sigara, bangi au mirungi, na kwa kiasi gani. Hakuulizi ili akuhukumu, anapanga dozi.
- Kwa mzee, kama ameanza kusahausahau. Nenda na miwani yake na kifaa chake cha kusikia, avipate mara tu anapozinduka.

Kisha uliza: nitapewa usingizi kamili au sindano ya mgongo? Dawa ya kulegeza misuli itatumika? Mtajuaje kwamba nimelala? Mtaalamu mzuri hakasiriki kwa maswali haya.

Na ikitokea umezinduka ukiwa na kumbukumbu ya sauti, maneno au kisu, usinyamaze ukidhani utaonekana umechanganyikiwa. Mwambie muuguzi au daktari siku hiyohiyo, ukumbuke unachoweza, na omba kionekane kwenye faili lako. Ukija kulazwa tena, maandishi hayo ndiyo yatakayomfanya mtaalamu anayefuata akupangie dawa na vipimo kwa uangalifu zaidi.